Magoti ya Matope

Harusi yangu ilikuwa imeshindikana mara mbili. Mara ya kwanza askari walipigana barabarani, mara ya pili daraja lilivunjwa. Kisha mama wa mchumba wangu, Mama Élise, akatuma ujumbe kutoka Butembo: ikishindikana mara ya tatu, basi Mungu mwenyewe amekataa, na mwanawe Mbusa atafute mwingine. Mimi Kyakimwa nikaapa kwamba Jumamosi hiyo ningefika kanisani hata kwa kutambaa.

Ilikuwa mwaka wa vita, 2000. Kutoka kwetu, ng'ambo ya Kasugho, hakuna gari lililopita. Njia ya kawaida ilikuwa na vizuizi vya askari, kwa hiyo tulipita msituni, watu watatu: mimi, shangazi yangu Berthe, na Kahongya, shemasi wa kanisa letu aliyekuwa mwindaji kabla ya kuokoka. Ijumaa saa saba mchana lori la viazi lingekuwa likitungoja kwenye barabara kubwa. Dereva alisema hatangoja hata dakika moja, na sikumlaumu.

Njiani Kahongya alitufundisha bila kuchoka.

"Gogo likilala mu njia, mukanyage juu kwanza, muangalie ngambo. Nyoka inapenda kulala kule. Nyati, mumupishe mbali. Na gorille, hapana kukimbia! Ukikimbia, anakufuata. Unapiga magoti, unaangalia chini, unanyamaza."

"Na akikuya karibu?" nikauliza.

"Unaangalia chini zaidi."

Nilicheka. Saa nne asubuhi, kicheko kiliniisha. Tulipinda kwenye mianzi, na hapo mbele yetu, hatua kama kumi na tano, alikuwa amekaa dume la gorila, mgongo mweupe, akila shina kama mzee anayekula muwa. Nyuma yake majani yalitikisika. Jike na watoto walikuwa huko. Alisimama, akanguruma, akajipiga kifua, akatukimbilia hatua tano na kusimama ghafla.

"Magoti!" Kahongya akanong'ona.

Tukaanguka kwenye matope. Kusema kweli, sikumfikiria Mungu, nilimfikiria Mbusa.

Sasa, lazima mumjue shangazi Berthe. Yeye akipiga magoti na kuinamisha kichwa, kwake hilo ni jambo moja tu. Akafumba macho.

"Tuombe," akasema.

Bahati yetu, vita vilikuwa vimemfundisha kuomba kwa kunong'ona, maana tulikuwa tumejificha migombani mara nyingi. Zamani sauti yake ilisikika mpaka soko la Kasugho. Alianza kwa kushukuru. Akashukuru kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya maharage, kwa ajili ya wamisionari waliokwisha kufa. Nami, nimefumba macho, nilimsikia yule dume akitafuna tena. Akaja kwa wagonjwa, mmoja mmoja, kwa majina. Akaja kwa wajane wa Masereka. Akaja kwa askari wa pande zote, ili Mungu awape hamu ya kurudi kwao kulima. Magoti yalikufa ganzi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini aliyesema hivyo hakuwa na lori la kuwahi.

"Amina," akasema hatimaye.

Tukafumbua macho. Njia ilikuwa tupu. Jua lilikuwa utosini.

"Ameenda wakati gani?" nikauliza.

Kahongya akajikuna shingo. "Pale kwa bagonjwa. Yeye na familia yake yote."

"Na wewe ulimuona?"

"Nilifungua jicho moja."

"Na haukusema?"

"Dada, kumukatia mutu maombi?" Alinitazama kama nimetukana. "Mais non! Hapana kabisa."

Nilimpigia kelele mpaka ndege wakaruka. Shangazi akakunja kitenge chake taratibu, akasema mimi ndiye mwenye kuhitaji maombi.

Tulipofika barabara kubwa tulikuta alama za magurudumu na kiazi kimoja kilichoanguka. Nililia. Kisha nikakiokota kile kiazi, nikakitia mfukoni, nikaanza kutembea. Tulitembea mpaka giza, tukalala kwa muumini mmoja, tukaamka kabla ya jogoo. Hapakuwa na muda wa kuoga wala kufua.

Jumamosi saa sita mchana tuliingia Butembo. Ndoa ilikuwa ya saa nne. Mbele ya kanisa watu walikuwa wanaanza kuondoka, na Mama Élise alikuwa mlangoni, mkoba mkononi, uso umekunjwa. Mbusa alikuwa amekaa kwenye ngazi na koti lake jipya. Aliponiona alisimama.

Mama Élise alinitazama kuanzia kichwani. Macho yake yakafika kwenye kitenge changu, yakakaa pale. Kwenye magoti kulikuwa na duara mbili za matope makavu. Akamtazama shangazi: duara mbili. Akamtazama Kahongya: duara mbili.

Mkoba ukashuka chini.

"Mulikuwa munaomba mu njia yote?" akauliza, sauti imebadilika.

"Tuliomba sana, mama," nikajibu. Huo haukuwa uongo. Kahongya akafungua mdomo ili aeleze, nikamkanyaga mguu.

"Batu banaomba hivi," Mama Élise akawaambia wote, akifuta machozi, "Mungu hawezi kubakataa. Murudi ndani! Na huyu mama ndiye atatuombea."

Alimshika shangazi Berthe mkono, akampeleka mpaka mbele.

Kanisa lote likainamisha vichwa. Shangazi akaanza kwa kushukuru kwa ajili ya mvua, safari hii kwa sauti yake yote. Mimi nilijua tuna muda mrefu. Alipofika kwa wagonjwa nikafungua jicho moja nimwangalie Mbusa, nikakuta yeye amefungua yote mawili, ananiangalia mimi.