Kisu cha Laki Tisa

Sylivia alishuka kwenye pikipiki kwa magoti. Miguu ilikataa kumbeba, basi akatua kwenye kokoto mbele ya geti la hospitali, na mama yake, Ketura, akamdaka kwapani asije akalalia tumbo. Uchungu ulimshika tangu jana jioni. Alfajiri mkunga wa kituo cha kijijini, kule Munkunyu, alimpapasa akasema mtoto amekingama tumboni, hatoki bila kisu. Hospitali ya serikali haikufikika. Mvua ilikuwa kubwa na mto ulikuwa umebeba daraja. Ikabaki hii ya watu binafsi, ya ghorofa, huku njia ya Muhokya.

"Simama hapo!" Askari wa geti, Omara, alikuwa mwanajeshi zamani. Bunduki aliirudisha, sauti hakuirudisha. "Mumesoma bao?"

"Afande, mutoto yangu anakufa."

"Nimeuliza bao. Soma kwanza, ingia baadaye. Ni amri."

Ubao ulikuwa mpana kama mlango wa kanisa, mweupe, maandishi ya bluu. Juu kabisa: BEI ZETU ZIKO WAZI. Chini yake malaria, jino, kidonda, kitanda, na karibu na mwisho, kuzaa kwa upasuaji: laki tisa. Ketura aliisoma mara moja tu. Namba alizijua, tena sana. Miaka yote anauza maharagwe soko la Mpondwe, kwa wateja wa Kongo ambao huwezi kuwazidishia hata kikombe.

Na tuseme ukweli, ubao ule watu wenyewe waliutaka. Zamani bei za pale zilikuwa siri kama dawa ya mganga. Unaingia na homa, unatoka na deni. Bwana mmoja wa Karusandara alizikwa Jumanne, halafu familia ikaletewa bili ya sindano alizochomwa Jumatano. Watu wakapiga kelele redioni, kanisani, kwa mwenyekiti: waseme bei! Haya, wakasema. Kupunguza hawakuahidi, na kwa kweli hakuna aliyekumbuka kuwauliza.

Omara alileta kiti cha magurudumu, wakamkalisha Sylivia, Ketura akasukuma. Ndani, nesi Evas alimpima palepale kwenye korido. Aliinama akasikiliza moyo wa mtoto.

"Upo, lakini umechoka," alisema. "Mkono wa mtoto umeanza kutangulia. Aingie thieta sasa hivi. Mama, kimbia kwa keshia ulete risiti, bila risiti daktari hashiki kisu."

Keshia alikuwa dada wa Kampala, Nabukenya, mwenye kucha safi na sauti ya upole. Upole huo ndio uliomponza Ketura. Alidhani anaongea na mtu anayeweza kulegea.

"Laki tisa, nyabo," alisema, akimwita mama kwa Kiganda. "Yote kwanza."

Ketura akacheka. Ndivyo inavyofanywa. Mpondwe bei ya kwanza ni salamu. Ukiilipa kama ilivyotajwa watu watakuuliza kama umelala vizuri. Unacheka, unataja chini ya nusu, mnaanza safari.

"Laki tatu, binti yangu. Niko nayo hapa hapa."

"Bei iko pale nje."

"Nimeiona. Mumeiandika vizuri sana. Sasa tuongee yetu."

"Hakuna yetu, nyabo."

"Nne, basi. Na gunia mbili ya maharagwe kesho, safi, isiyo na mawe. Mzee wangu Yowasi mulimushona mguu hapa hapa, tukaongea tukapatana."

"Ni zamani hiyo. Nikikupunguzia wewe, hiyo ni rushwa." Nabukenya hakuwa anamkejeli. Aliamini kila neno, hata alisogea karibu na dirisha ili amweleweshe mama wa watu. "Si nyinyi mlilalamika huyu analipa hivi, yule vile? Sasa bei ni moja, tajiri na maskini. Hiyo ndiyo haki yenyewe."

Kwenye kiti, hapo kwenye korido, Sylivia alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake. Aliiachia. "Mama, lipa. Mama, nakuomba, lipa."

Alipe nini? Laki nne ndiyo ilikuwa yote, imefungwa fundo kiunoni. Ketura aliogopa, lakini mfanyabiashara hamwoneshi mwenzake woga. Ilibaki mbinu moja, ile ya mwisho, ambayo haikuwahi kumwangusha: ondoka. Geuka, tembea taratibu, usitazame nyuma. Muuzaji akiona pesa inatembea roho inamuuma, atakuita tu. Mwaka wa mguu wa Yowasi waliwaita wameshafika getini. Na ule ulikuwa mguu. Hapa ni watu wawili kwenye kiti kimoja. Binadamu gani atawaacha watoke?

"Twende, mwanangu," alisema kwa sauti, ili dirisha lisikie. "Tutafute kwingine."

Kwingine hakukuwapo. Akasukuma.

"Mama!" Evas alikuwa ametoka na glavu mkononi. "Mama, unampeleka wapi? Usimtoe! Atakufia njiani!"

Ketura alimsikia. Ameshaanza, huyo! Ila hajataja bei, na anayeita bila bei bado hajakuita. Ukigeuka mapema umeuzwa. Akakaza uso, akaendelea kusukuma, polepole, huku nyuma yake Evas akibishana na dirisha na dirisha likijibu kwa upole.

Walipofika getini sauti ikaja, nzito, ya kiume.

"Wewe mama! Simama! Rudi!"

Ketura alifumba macho. Ee Nyamuhanga, Mungu wangu, wasingya. Asante, asante. Aligeuka bila haraka, kama mtu ambaye angeweza pia kutogeuka.

Omara alikuwa ameshika mikono ya kiti. "Hii kiti ni ya hospitali. Haipiti geti. Shusha mutu."

"Hawajaniita?"

"Nani akuite? Shusha, mama, gari inataka kuingia."

Alisaidia kumshusha yeye mwenyewe, kwa uangalifu, kwa maana naye ana mabinti. Walimlaza juu ya kitenge, nje, chini ya ukuta. Kiti kilikuwa na damu. Omara alikitazama, akaguna, akakigeuza kurudi ndani.

"Mama," Sylivia alisema. "Haicheze tena."

"Nini?"

"Mutoto. Ilikuwa inapiga hapa. Imenyamaza."

Ketura alisimama. "Afande! Mwambie keshia tano!"

Omara alikuwa anafungua geti kwa ajili ya gari.

"Mwambie sita, afande! Saba, nitakopa, nitauza kashamba!"

"Ongea na bao, mama. Mimi niko geti tu."

Gari likaingia, geti likafungwa. Ketura alishika vyuma kwa mikono yote miwili. Korido ilikuwa mbali, na dirisha la keshia halikuonekana kutoka pale.

"Nane!"

Omara alikuwa anasukuma kiti kitupu kuelekea kwenye bomba la maji.

"Tisa! Nimekubali, tisa!"

Nyuma yake, Sylivia hakuwa anaita tena.

"Kumi!" Ketura alipiga kelele. "Kumi, afande! Kumi na moja!"