Bendera ya Kona ya Tatu

Saa mbili asubuhi Lea alikuwa ameshashuka na kupanda mteremko wa Lukundo mara tatu kwa miguu, na bado mikono yake ilikuwa inatafuta kazi. Alikagua magunia ya maganda ya alizeti yaliyopangwa kwenye kona, akayapiga teke moja moja, akayahesabu, akasahau hesabu, akaanza upya. Kefa, fundi seremala ambaye siku hiyo ndiye mshika saa, alimwambia, "Lea, kaa chini hata dakika mbili, unatutia kizunguzungu." Lea akakaa. Dakika moja haikuisha, akasimama.

Na nani angemlaumu? Mashindano yale aliyaanzisha mwenyewe, miaka mitatu nyuma, lami ilipofika Lukundo. Barabara mpya, kilomita mbili za kuteremka tu, kona tano, na vijana wasio na la kufanya baada ya mavuno. Kefa akachonga mbao, magurudumu yakatoka dukani kwa Shahid pale Singida mjini, na kabla mtu hajauliza, kijiji kizima kikawa kinajua sketi ni nini: ubao, magurudumu manne, na kichaa mmoja amesimama juu yake. Mwaka wa kwanza watu walicheka. Mwaka wa pili walikuja hadi wa Iguguno na Itigi. Mwaka wa tatu, yaani mwaka jana, Elisha akavunjika mguu.

Elisha ni mdogo wake Lea, tumbo moja. Ukiuliza Lukundo kilichomvunja mguu, watakwambia ni spidi. Lea alijua kuwa si kweli. Kilichomvunja mguu Elisha ni shikamoo.

Ilikuwa hivi. Kona ya tatu inakatwa na njia ya miguu ya kwenda mashine ya kusaga. Pale aliwekwa Stanley, kijana wa miaka ishirini, na bendera nyekundu. Ile kona inaonekana vizuri kutoka juu kwenye mstari wa kuanzia, na kanuni, ambayo Lea aliiandika kwa mkono wake, ilisema: bendera ikiwa juu, kuna mtu barabarani, mshindani asiachiwe, ikishuka, njia nyeupe. Basi akatokea Bibi Eliana na beseni la mahindi kichwani. Stanley akainua bendera, vizuri kabisa. Lakini bibi alipomkaribia, sasa ufanyeje jamani, umsalimie bibi wa watu huku umemwinulia fimbo? Stanley akaishusha, akainama, akasema shikamoo. Huku juu wakaona bendera imeshuka, wakamwachia Elisha. Elisha alimkuta bibi katikati ya lami anaitikia marahaba. Akamkwepa, akaingia mtaroni, mfupa ukakatika sehemu mbili. Bibi hakuguswa hata ukucha. Mahindi ndiyo yalimwagika.

Miezi mitano Elisha alikaa na mguu kwenye hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Mama yao hakumgombeza Lea hata siku moja, na afadhali angegombeza. Kila Lea alipotaja mashindano, mama aliinuka, akatoka nje, akatafuta kitu cha kufagia. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mathayo, yeye hakufagia chochote. Alimwita Lea ofisini akamwambia kavukavu, "Nakupa mwaka mmoja. Akiumia mtu mwingine hata kidole, hizo mbao zenu nazifanya kuni."

Kwa hiyo mwaka huu Lea alipangua kila kitu. Zamani walikuwa wanaachiwa bila mpango; sasa ni mmoja mmoja, kwa saa. Asiye na helmeti arudi kwao. Kule chini nesi wa zahanati alikuwa tayari na gari la kuazima, na redio mbili za upepo zilipatikana, moja juu kwa Kefa, moja kona ya tatu. Bendera nayo ikageuzwa: ikiwa juu ndiyo njia nyeupe, ikiwa chini, au isipoonekana kabisa, haachiwi mtu. Salimia wazee mpaka uchoke, Lea aliwaza, bendera iko chini na hakuna atakayekufa.

Na Elisha alikuwa amejiandikisha. Namba saba. Lea alimkatalia, naye akajibu, "Ukinizuia mimi, wazuie wote." Ungemjibu nini? Lea akaliandika lile jina.

Saa tatu wakafanya jaribio, bila mshindani. Lea alisimama kona ya tatu, pembeni ya Stanley. Njia ilikuwa tupu. Stanley akainua bendera. Redio ikakoroma, sauti ya Kefa ikasema, "Nyeupe. Chukulia nimemwachia." Lea akaanza kuhesabu kimoyomoyo, maana kutoka juu mpaka pale ni sekunde arobaini. Alipofika kumi na mbili, kwenye njia ya mashine akachomoza mzee mmoja na mkokoteni wa ng'ombe wawili.

Stanley alimwona. Loo, yule kijana alihangaika! Aliitazama bendera, akamtazama mzee, akaitazama tena bendera. Kisha akafanya alichofundishwa na mama yake tangu ananyonya: aliichomeka bendera kwenye gunia ili mikono yote miwili iwe huru, akainama. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba hajambo? Yule ndama amepona?"

Bendera ilikuwa imesimama wima kwenye gunia, inapepea na upepo wa Singida, inamwambia kila mtu kule juu kwamba njia ni nyeupe. Ng'ombe walisimama katikati ya lami. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na nane, mzee bado anauliza habari za ndama. Arobaini.

"Stanley!" Lea alipiga kelele hadi ng'ombe wakashtuka. Mzee akamwangalia kama mtu asiye na adabu, na kwa kweli hakuwa nayo wakati ule. Akaomba radhi, akasalimia, akangoja mkokoteni upite. Ndipo akamgeukia Stanley. "Kwa nini hukumwambia asimame?"

"Dada Lea." Machozi yalikuwa yanamlenga yule kijana. "Mimi nimwambie mzee asimame? Mimi kama nani?"

Lea mwenyewe alikuwa amesimama pale, mwenye mashindano yake, umri miaka thelathini na moja, na hakuthubutu kumwambia yule mzee asogee. Alikuwa amemfokea Stanley. Mwaka mzima amegeuza bendera juu chini, chini juu, na tatizo halikuwa bendera.

Watu walianza kujaa kule juu. Mgeni kutoka wilayani alikuwa ameshapewa kiti. Lea alizunguka pale konani, huku na huku, akijitafuna kucha. Alihitaji mtu ambaye akimwambia mzee "simama," mzee anasimama. Na mtu wa namna hiyo Lukundo alikuwa mmoja tu, na nyumba yake ilikuwa hatua mia kutoka pale.

Nesi Ritha alifanya kazi zahanati miaka thelathini na mbili kabla ya kustaafu. Wazee kwa watoto, hakuna ambaye hajamchoma sindano ya tako, Mzee Mathayo akiwemo. Mtu aliyekwisha kukuona katika hali ile humbishii. Na Nesi Ritha ndiye mama yake Lea.

Lea alimkuta uani anapepeta mtama, mgongo ameupa barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya huko, rudi."

Lea akapiga magoti kwenye vumbi. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yote yaliyeyuka. "Mama, mwaka jana kosa lilikuwa langu. Si la Stanley, si la Elisha. Ile kanuni niliiandika mimi."

Ungo ukasimama. "Najua," mama alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Lea alilia kidogo, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa gari, kisha akajifuta na kueleza shida yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumwangalia.

"Unataka mimi nikae pale nimpungie bendera mwanangu akavunjike tena."

"Nataka ukae pale ili asivunjike. Ukishika bendera wewe, neno ni lako. Ukisema hapiti, hapiti."

"Na yule mgeni wenu wa wilaya akikasirika?"

"Akasirike."

"Nikisema hapiti, na sababu sikupi?"

Hapo Lea alisita. "Hata usiponipa," alisema.

Mama akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga kiunoni.

Mashindano yalianza saa nne na nusu, mama kona ya tatu na bendera, Stanley pembeni yake na redio, na Lea alisimama juu kwenye mstari, macho kwenye ile kona hata kope hazipigi. Namba moja akaachiwa, akapita. Namba mbili akapita. Baada ya namba tatu walimwona mwenye bodaboda akija, Nesi Ritha akanyoosha kidole kimoja, na pikipiki ikazima. Bibi wawili wenye mabeseni walisimamishwa kando, wakasimama, wakapiga soga zao. Mara hata Mzee Mathayo mwenyewe, aliyekuwa anakuja juu kuchukua kiti chake, akasimamishwa dakika tatu kama mtoto wa shule. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Lea naye alijikuta anacheka. Namba nne, tano, sita. Kila mara ile bendera ilipanda bila kuchelewa.

"Namba saba," Kefa akaita. "Elisha."

Elisha akapanda ubao. Aliukunja ule mguu mara mbili, akaukunjua. Bendera ilikuwa chini.

Ikabaki chini.

Dakika moja. Dakika mbili. Watu wakaanza kupiga miluzi. Kefa akaminya redio. "Stanley, kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Njia nyeupe pande zote. Ila Nesi hainui. Nimemuuliza mara mbili, hanijibu."

Mgeni wa wilaya akaangalia saa yake. Mzee Mathayo, ambaye hasira za kusimamishwa bado zilikuwa hazijamtoka, akasogea. "Lea, si kijana amesema njia nyeupe? Mwachie huyo, twende kazi."

"Dada," Elisha akasema kwa sauti ya chini, "mguu unaganda. Niachie."

Eh, Lea alitamani! Kuinua mkono tu, na yote yangekwisha. Stanley ana macho, redio haisemi uongo, barabara ilikuwa tupu, hata yeye aliiona. Lakini kama Stanley anatosha, mama alikuwa ameitwa kufanya nini?

"Kefa, asiachiwe mtu," alisema, akaingia njia ya mkato na kuteremka mbio, mawe yanamtoka chini ya viatu.

Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, bendera mapajani, vidole vimeishika hadi vimepauka.

"Mama, njia nyeupe?"

"Nyeupe. Tangu walipomwita jina lake." Alikuwa anaangalia mtaro, pale pale alipookotwa Elisha mwaka jana. "Mkono umekataa, Lea. Nauambia panda, haupandi."

Lea alisimama anahema. Hasira zilimpanda, na huruma ikamshika wakati huo huo, asijue aanze na lipi. Bendera ilikuwa karibu. Angeweza kuichukua, na mama asingegombana naye. Badala yake akanyoosha mkono kwa Stanley, akapokea redio.

"Kefa. Namba saba hapiti. Mfute kwenye orodha. Kona ya tatu imekataa."

Ikaja sauti ya Elisha, amemnyang'anya Kefa redio. "Imekataa kwa sababu gani?"

"Imekataa."

"Dada, mwaka mzima! Mwaka mzima nimejifunza kutembea kwa ajili ya leo!"

"Najua. Toka kwenye mstari, mdogo wangu."

Huko juu miluzi ikageuka kelele, na sauti ya Mzee Mathayo ilisikika bila redio. Lea akashusha mkono. Alijua kwamba, mbele ya mgeni wa wilaya, hapo ndipo penye mwisho wa mashindano yake, na alijua pia Elisha hatamsamehe karibuni. Hakumwangalia mama.

"Umemfuta kweli?" mama akauliza.

"Nilikuahidi."

Mama akasimama, akaikaza khanga, akaenda mwenyewe mpaka katikati ya lami. Akaangalia juu. Akaangalia chini. Akaenda hadi kwenye njia ya mashine, akachungulia nyuma ya kichaka, akarudi.

"Mrudishe."

"Mama, si lazima. Hakuna atakayekulaumu."

"Nimesema mrudishe. Bendera ni yako au yangu?"

Lea akamrudisha kwa redio, na mama akainua bendera. Mkono ulipanda polepole, lakini ulipanda mpaka juu.

Kwanza ulikuja mvumo, mbali, kisha mlio wa magurudumu kwenye kona ya pili. Lea alifumba macho. Hakuweza kutazama. Alisikia mlio ukikua, ukajaa masikioni, upepo ukamgonga usoni, halafu mlio ukapungua, ukaenda, ukaenda, ukaipata kona ya nne na kuimaliza.

Alipofumbua macho, mama alikuwa amesimama wima, bendera ameshaishusha, mashavu yamelowa na hakuyafuta. Macho yake hakuyafumba hata mara moja. Stanley aliapa hivyo baadaye. Mama alimpokonya Lea redio, akaigeuzageuza kutafuta pa kubonyeza, akapaona.

"Saba amepita," alisema. "Nane mnamngojea nini?"