Nukta Chini ya Jina la Nyabuto

Mzee Machuki hakuwa na subira ya kufundisha kwa maneno. Alichora ramani kwenye karatasi ya kufungia sukari, akaipigilia ukutani mwa kiwanda chake cha uchapaji pale Homa Bay, akaniambia, "Bonareri, ukikwama angalia hapo. Mimi usiniulize."

Ilikuwa ramani kweli, ya njia ya kwenda kwetu Suna. Barabara iliyonyooka: mstari mmoja chini ya neno, herufi zilale upande. Mto Kuja na kona zake: mstari wa mawimbi, herufi nzito. Matuta matatu ya shamba la Uriri: mistari mitatu, herufi kubwa. Mwishoni nyayo za mtu anayerudi nyumbani, nukta nukta: alama iliyotiwa isifuatwe, neno libaki lilivyokuwa. Anayeandaa karatasi hutia alama kwa penseli, mpanga herufi hutii. Kufikia wiki ya tatu nilizijua zote, na nilijivuna kupita kiasi.

Wiki ya nne, mwaka 1966, mama yangu Nyanchoka akafariki.

Baba, mzee Ongeri, alikuja mwenyewe kuagiza kadi za mazishi. Kwenye kadi zetu watoto wa marehemu waliandikwa wote, na waliotangulia walipangwa kwa herufi za kulala. Mchungaji akisoma kaburini, kila jina lililolala hulitanguliza kwa neno marehemu. Likishatamkwa mbele ya watu, basi, hakuna anayekungoja tena.

"Nyabuto mpigie mstari," baba alisema.

Kaka yangu Nyabuto alikwenda kuvua dagaa wa omena kisiwani Remba mwaka 1963. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana.

"Baba, hatujaona mwili."

"Miaka mitatu, binti yangu. Ziwa halijarudisha kitu. Nimechoka kuangalia barabara."

"Na mama alisemaje?"

Baba alijua vizuri mama alisemaje, sote tulikuwa kando ya kitanda: mwanangu msimzike kwa karatasi. Miaka hiyo mitatu mama hakupakua chakula cha jioni bila kuweka bakuli la Nyabuto kando, na mimi, kwa ulimi wangu huu, niliwahi kumwambia anapoteza ugali. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Nilipiga mstari. Baba aliuangalia, akatikisa kichwa kukubali, akaenda stendi kuuliza basi la Migori, la kurudi nyumbani.

Nilibaki na karatasi mbele yangu. Niliinua macho kwenye ramani, nikaziona zile nyayo. Nikachukua penseli, nikatia nukta sita chini ya ule mstari. Sikuzifuta.

Mzee Machuki aliipokea karatasi, akaisogeza dirishani. "Nukta hizi ni za baba yako?"

"Ni za mama."

Alianza kupanga herufi. Jina la Nyabuto alilipanga kwa herufi zilizosimama.

Jumapili mchungaji alisoma. Marehemu Mong'ina, dada yetu wa kwanza. Kisha, "Nyabuto," peke yake. Watu walitazamana. Baba aliinua kichwa, nami nikajua nimekwisha.

Watu walipoketi kula, alinijia nyuma ya jiko.

"Mstari niliuona kwa macho yangu. Ulifanya nini?"

Niliinama nikachoma udongo kwa kidole mara sita. "Hii inamwambia mchapaji aache jina lilivyokuwa."

Aliziangalia zile nukta. Nilingoja kofi au laana. Aligeuka akawaambia wanawake waliokuwa wakipakua, "Na bakuli la Nyabuto?"

Nyabuto hakurudi. Nasema ili usije ukangoja kama sisi.

Mwaka 1969 baba naye alifariki, nami ndiye niliyepewa kuandaa kadi yake. Kwenye Biblia yake tulikuta karatasi aliyokwisha kuiandika mwenyewe, majina ya watoto wote kwa mwandiko wake mzito. Chini ya Mong'ina palikuwa na mstari. Chini ya Nyabuto pia alikuwa amepiga mstari, akiukandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Na chini ya mstari huo, kwa penseli, alikuwa ametia nukta. Nilizihesabu. Zilikuwa sita.