Pointi Tatu

Pointi tatu zinatosha, Wiebke, mchora ramani, aliamua, maana ilikuwa Ijumaa na alitaka kwenda zake. Uvivu huo! Picha ilipigwa na ndege mwaka 1945, na ndani yake kulikuwa na kidoti cheusi: bomu lililoanguka katika mji wa Emden, Ujerumani, bila kulipuka. Aliilinganisha picha na ramani ya leo kwa vitu vitatu vinavyoonekana kote kuwili: daraja, njia panda na mnara wa kanisa. Kompyuta ikageuza pikseli za kile kidoti kuwa mahali halisi ardhini, nje ya pale shule mpya ilipojengwa, ikaandika: kosa sifuri. Kwa pointi tatu huandika sifuri siku zote, hata uilishe uongo, maana hakuna ya nne ya kuzihakiki. Naye akawaandikia wajenzi wa shule: chimbeni, pako salama.

Jumatano asubuhi mzee Eilert wa meza ya jirani alipita na kikombe chake cha chai, akainama.

"We binti, kanisa gani hili ulilobofya?"

"Si hilo la hapo mtaani, Mzee. Liko moja tu."

"Leo ndiyo liko moja! Hilo la kwenye picha liligeuka kifusi. La sasa walilijenga baada ya vita, ng'ambo ya barabara. Mimi nimebatizwa humo."

Wiebke akashika kipanya. Akaufuta mnara, akaweka kona mbili za mfereji. Kidoti kikahama mita thelathini na nne, kikatua katikati ya shimo la msingi wa shule. Humo ndimo Focko, dereva wa wajenzi, alimokuwa akichimba na katapila tangu saa moja.

Akampigia. Focko hapokei, ameziba masikio kwa ajili ya kelele. Akampigia msimamizi.

"Msimamishe Focko! Sasa hivi!"

"Dada, sisi tuna ratiba hapa..."

"Kuna bomu chini yake! Nimekosea mimi! Kimbia!"

Akabaki amesimama na simu sikioni, akisikia viatu vikikanyaga tope, mashine ikinguruma, kisha ikazimwa. Woga ulimzuia hata kukaa.

Mchana wataalamu walilikuta bomu sentimita arobaini chini ya meno ya ndoo ya katapila. Mtaa mzima ukahamishwa. Ndipo Focko akapiga mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyesema pako salama?"

"Ni mimi. Nisamehe, kaka."

"Mimi nimeshakusamehe, si niko hai? Lakini mke wangu yuko hapa kando, anataka kuelezwa ilikuwaje. Mimi nimeshindwa. Mweleze wewe."

"Haloo," akasema mwanamke, naye tayari alikuwa analia.