Binti wa Pumzi

Nitakayowasimulia niliyaona mchana, nikiwa nimelala juu ya jamvi sebuleni kwangu, siku tuliyotolewa damu. Wataalamu walikuwa wamewaita wanawake wazee wa kata yetu, huku Same, tupimwe damu na nguvu za mwili. Nesi alitueleza kwamba hewa tuivutayo, pamoja na kutupa uhai, huacha ndani ya damu kitu mfano wa kutu, na kwamba mwili usiotumika hushindwa kuisafisha. Kisha akaniambia niinuke kitini bila kushika kitu. Sikuweza. Wenzangu walinionea huruma. Mimi sikuona haya wala huzuni. Tangu nimzike mume wangu, Kiangi, moyo wangu ulikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya kung'olea jino. Nikarudi nyumbani, nikajilaza, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi nyekundu. Majani, mawe, hata ndege walifunikwa na kutu, na upepo ulipovuma milango ya nyumba ilikwaruza bila kufunguka. Mwanamke mrefu, mwenye kanga nyeupe isiyotulia mwilini, akanishika mkono. "Mimi ni Pumzi," akasema. "Niko nawe tangu ulipolia mara ya kwanza."

"Nani ameiharibu nchi hii?" nikamuuliza.

"Binti yangu, Kutu. Usishangae, Nambua. Kila anipokeaye mimi humpokea na yeye, wala hajazaliwa wa kututenganisha. Lakini nchi hii ina walinzi, na walinzi huamshwa na vishindo vya miguu ya mwenye nchi."

Nikawaona walinzi wamelala kando ya njia, mikuki yao imelika. Njia ilipanda mlima uitwao Juhudi, na huko juu wanawake wa rika langu walikuwa wakipanda polepole, wakihema na kutaniana. Kila walipokanyaga, mlinzi mmoja aliinuka akipangusa macho. Chini ya mlima, kwenye kibaraza chenye kivuli kizito, alikaa mwanamke mnene mwenye sauti laini kama pamba.

"Karibu ukae, mama yangu," akasema. "Umefiwa, umechoka. Kwangu hakuna kinachouma."

Huyo ndiye Bi Ganzi. Nikakaa. Kutu akaja, kitoto chekundu chenye macho mazuri, akaanza kunilamba miguu taratibu, kama mbuzi alambaye magadi. Vidole vikamomonyoka, nikavitazama kama vya mtu mwingine. Alipofika magotini, Pumzi akaniinamia. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Unaumwa?"

"Hapana. Sisikii kitu."

"Basi mkumbuke mumeo."

Nikautafuta uso wa Kiangi, nisiuone. Nikatafuta sauti yake, kikohozi chake cha asubuhi, namna alivyoniita akiwa na njaa. Palikuwa patupu, pasafi, kama chungu kilichosuguliwa. Bi Ganzi akatabasamu. "Si nilikwambia hakuna kinachouma?"

"Yeye haondoi maumivu tu," akasema Pumzi. "Huondoa na kilichomo."

Nikainuka. Sijui niliinukaje; najua tu kwamba nililia kama mzazi anayejifungua. Kila hatua ya mlima ilinichoma hadi kiunoni, na katika uchungu ule uso wa Kiangi ukarudi, kwanza nyusi, kisha lile pengo la meno. Nyuma yangu nikasikia mikuki ikikwanguliwa kutu. Kutu mwenyewe alikuwa bado akinifuata, lakini kwa mbali, akichechemea.

Nikazinduka. Jua lilikuwa bado dirishani. Mguu niliokuwa nimeulalia ulikuwa umekufa ganzi. Nilipousimamisha, damu ikaanza kurudi, ikinichoma kama upupu. Mkono ukaenda wenyewe kuusugua, kisha nikauzuia. Kile nilichokuwa nikikiita utulivu tangu nimzike Kiangi, nikakijua jina lake. Nikashika ukuta, nikakanyaga chini kwa nguvu, nikaacha iume.