Maharage ya Mzee Ignasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaani Magarama, mjini Gitega, Theodosia alifunga mzigo wake kwenye keria ya baiskeli kwa ukanda wa mpira, akanywa chai ya rangi na kula maandazi mawili. Ilikuwa siku ya nne ya ziara ya kuvuka nchi kwa baiskeli, iliyoandaliwa na madarasa ya kusoma ya watu wazima, na siku hiyo walikuwa wakienda Muyinga. Wapanda baiskeli walikuwa kumi na tisa. Theodosia, mkulima wa Itaba aliyejifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na tisa, ndiye pekee aliyekuwa na baiskeli kongwe kuliko ndoa yake.

Abubakari, fundi wa msafara, alibonyeza magurudumu kwa dole gumba, kisha akaitikisa baiskeli. Kitu kiligongagonga ndani ya bomba lililo chini ya tandiko.

"Mama Jeska, kuko kitu humu. Nikitoe?"

Theodosia, aliyeitwa hivyo kwa jina la mwanawe wa kwanza, alimwomba akiache. Mwaka wa tisini na tatu, siku walipoikimbia Gasorwe kwa sababu ya vita, baba yake, mzee Ignasi, alilijaza bomba hilo maharage ya mbegu, akaliziba kwa gunzi la hindi. Theodosia, mtoto wa miaka minane, alivuka mpaka amekaa kwenye keria hiyo hiyo. Kambini Ngara, Tanzania, mbegu ile haikuguswa hata mwaka wa njaa, kwani mzee alisema ina udongo wake. Alizikwa huko, nayo baiskeli ikarudi Burundi na binti yake. Wakati huo shamba lao la Gasorwe lilikuwa likilimwa na mtu aitwaye Manase. Karani mmoja aliwaandikia karatasi, akamweleza Theodosia kwamba ni stakabadhi ya malalamiko yake, naye, kwa kuwa hakujua kusoma, akaweka dole la wino. Tangu hapo alingoja jibu. Karatasi ilikuwa kwa Manase, na msafara ungepumzika Gasorwe. Theodosia alitaka kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Walipomaliza kilomita ya tatu, maharage yalianza kuota. Yaliota nyuma ya gurudumu lake, juu ya lami, katika mstari ulionyooka. Aliyemfuata kwa karibu aliyakuta yana majani mawili. Wa mwisho aliyakuta yana maua. Abubakari alisogea, akalichungulia gunzi, akaliona liko mahali pake.

"Mama Jeska, leo iko unatembeza velo ao unalima?"

"Vyote viwili, baiskeli na jembe, lakini mteremko huu haunipi nafasi ya kupalilia."

Imelda, kiongozi wa msafara, aliagiza tu kwamba yasikanyagwe, kwa sababu majani mabichi huteleza.

Asubuhi ilikuwa njema. Walivuka daraja la mto Ruvubu, na maharage yakaota juu ya zege. Upande wa Karuzi wanawake walitoka na vikapu. Katika vilima vile majani ya maharage huombwa, nayo hayanyimwi. Maganda ni ya mwenye shamba. Kwa hiyo kila mmoja aliuliza kwanza shamba ni la nani. Theodosia aliwajibu kwamba ni la Ignasi wa Gasorwe, na kwamba wachume. Alilijibu swali hilo kilima baada ya kilima, wala hakulichoka. Hakuwahi kuwa na shamba refu kiasi hicho.

Walifika Gasorwe saa tisa alasiri. Manase, mzee mwenye koti lililoshonwa viwiko, alimpa kiti na pombe ya ndizi, kisha akaitoa karatasi katika mfuko wa nailoni.

"Mi walinisomea ni nusu kwa nusu," akasema. "Nilikungoja sana uje ulime upande wako. Haukukuja, nikalima yote."

Theodosia aliipitisha karatasi chini ya kidole chake, mstari kwa mstari, hadi kwenye madole mawili ya wino, lake na la Manase. Akarudi juu, akasoma tena.

"Inasema vile?" Manase akauliza.

Hapakuwa na mtu mwingine pale wa kuisoma; Abubakari alikuwa mbali, akiziba pancha. Neno moja tu, "ndiyo", lingetosha kumpa nusu ya shamba. Lakini Theodosia alimjua vizuri mtu anayemsomea mwenzake lisiloandikwa, kwa kuwa yule karani alikwisha kumfanyia hivyo.

"Haisemi hivyo, mzee," akajibu, akasoma kwa sauti: "Mimi, Theodosia binti Ignasi, nimemwachia Manase ardhi hii yote, mimi na kizazi changu. Nimesomewa, nimeelewa."

"Yote?"

"Yote."

Manase aliikunja karatasi, safari hii kwa uangalifu zaidi, akaurudisha mfuko ndani ya koti.

Theodosia alimwomba ruhusa ya kupita. Aliisukuma baiskeli katikati ya mibuni, na mstari wa maharage ukamfuata hadi mahali ulipokuwa mlango wa nyumba yao. Hapo ukakoma. Alipoitikisa baiskeli, bomba halikutoa sauti. Manase aliyatazama maharage yale, akasema ni ya aina nzuri, atayawekea vijiti, na yakikomaa atayavuna.

"Naomba majani," Theodosia akasema.

"Chuma, mama. Majani hayanyimwi."

Alichuma mpaka kitenge kikajaa.

Kutoka hapo hadi Muyinga baiskeli ilikuwa nyepesi, na lami nyuma yake ilibaki tupu. Vilima vilikuwa na rangi ya asali. Theodosia alimpita Imelda kwenye mpando wa mwisho, akamsalimia. Mjini waliwekewa orodha ya majina ya kutia sahihi kabla ya chakula cha jioni, na kando yake kidau cha wino wa vidole. Theodosia alikisukuma kidau pembeni, akaomba kalamu, akaanza kuisoma orodha kuanzia juu. Watu walipanga foleni nyuma yake.

"Mama Jeska," Abubakari akasema, "ni karatasi ya chakula tu."

"Ndiyo, baba. Naisoma."

Alipofika mwisho, aliandika jina lake lote, akapeleka majani jikoni. Yalipikwa kwa mawese, yakawatosha wote kumi na tisa.