Imepokelewa, Ahsante

Shangazi ndiye aliyembandika jina la Kiherehere tangu utotoni, na jina likamganda. Hata sasa, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, kitu kilichotulia hawezi kukiacha kitulie.

Asubuhi hiyo alikuwa amejibanza pembeni mwa chumba cha wakunga, laptopu juu ya kabati la glovu. Shangazi, mkunga mkuu wa zahanati, alikuwa amechoshwa na daftari lake la kurasa zinazochomoka, basi Kiherehere akamtengenezea API, daraja kati ya simu yake na kompyuta, kwa lugha ya programu ya Python. Si jambo kubwa: programu ya mistari hamsini inayokaa ikisubiri. Simu ya shangazi ikituma jina na namba ya simu ya mjamzito, programu inapokea; ikiuliza orodha, programu inajibu.

"Daftari lifungie kabatini, shangazi. Leo hatulihitaji."

"Una hakika wewe?"

"Asilimia mia."

Kufikia saa nne shangazi alikuwa ameingiza wajawazito kumi na mmoja, akibonyeza kwa kidole kimoja, ulimi nje. Wa tisa alikuwa na mimba ya miezi minane na presha iliyopanda kidogo. Mkojo wake ukapelekwa maabara, naye akaambiwa aende nyumbani; majibu yakitoka atapigiwa.

Kila kitu kilikwenda sawa, na hilo ndilo lililomwasha Kiherehere. Miguu ilicheza chini ya kiti. Programu ilikuwa ikijibu "Imepokelewa" kavukavu, kama karani aliyenuna. Akaongeza "ahsante", akahifadhi. Akaona mkato haupo, akauweka, akahifadhi tena. Sasa roho ikatulia kidogo.

Alichokisahau alikijua vizuri sana. Programu ilikuwa bado kwenye hali ya majaribio: kila akihifadhi badiliko, inajizima na kujiwasha upya. Na orodha haikuandikwa popote, ilikaa kwenye kumbukumbu ya programu tu, ikizimika inapotea. Hifadhidata ya kuitunza angeiweka kesho.

Saa sita kasoro fundi wa maabara akaingia na karatasi. "Namba tisa, protini imejaa kwenye mkojo, hiyo ni hatari ya kifafa cha mimba. Arudi sasa hivi, asingoje."

Shangazi akafungua simu. Akaona watu watatu tu, majina ya majaribio ambayo Kiherehere aliyaandika ndani ya programu: Mama Mfano wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu.

"Kiherehere. Wangu wako wapi?"

Kiherehere akapekua dirisha jeusi ambako programu huandika kila inachofanya. Maombi kumi na moja kutoka simu ya shangazi yalikuwepo, na saa yalipoingia. Majina na namba yalizobeba hazikuwepo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimewafuta, shangazi."

Shangazi alifumba macho, akamtafuta yule mama kichwani mwake. "Alisema anakaa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mlango wa kijani, una cherehani barazani. Kimbia!"

Akakimbia. Getini pa kiwanda akasimamisha teksi, akamwambia dereva angoje, akaingia uchochoroni akihema. Mlango wa kijani wa kwanza haukuwa na cherehani. Wa pili vilevile. Kwenye wa tatu mwanamke alikuwa ameketi kizingitini kando ya cherehani, uso umevimba, kiganja kimoja kwenye paji la uso. Kiganja kingine kilishika simu.

"Umetoka zahanati?"

"Ndiyo, mama. Twende, gari lipo."

"Mlisema mtapiga. Kichwa kinanipasuka tangu saa tano. Nilitaka kwenda kulala, nikasema nikilala wasije wakapiga nisisikie." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Mlizidiwa na kazi, eh?"

Uongo aliletewa mezani, umeshapakuliwa. Kiherehere akamshika mkono.

"Hapana, mama. Nilikuwa naongeza neno ahsante."

Yule mama akamtazama, hakuelewa, akamwegemea begani. Wakaenda kwa mwendo wake, hatua moja, wakapumzika, hatua nyingine, na teksi ilikuwa mbali.